Bia Yangu Imegoma Katikati, na Ruracio ya Dada Imekaribia

SWALI

Salamu sana, Mama Kimea.

Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Umoja hapa Nairobi, nyumba ya chini kabisa katika jengo letu. Mwezi wa Mei binamu yangu alirudi kutoka Uingereza akaniletea zawadi: mkebe wa kimea wa kilo 1.7, ule wa kupikia bia nyumbani, pamoja na ndoo yake, haidromita ya kupimia sukari iliyobaki (namba yake hushuka kadiri hamira inavyoila sukari), na kile kibomba cha plastiki chenye maji kinachochomekwa kwenye kifuniko ili hewa itoke. Marehemu babu yangu kule Murang'a alikuwa mpishi wa kutegemewa wa muratina, pombe ya kienyeji ya Wakikuyu. Katika wajukuu wake hakuna aliyeirithi kazi ile, na siku niliyoushika mkebe huo niliona labda zamu yangu imefika. Ruracio ya dada yangu, sherehe ya kupokea mahari yake, ni Jumamosi ya pili ya Agosti, nami nimewaahidi wazee kwamba nitakuja na bia niliyoipika kwa mikono yangu.

Nilifuata karatasi ya maelezo neno kwa neno. Nilisafisha ndoo kwa dawa, nikakoroga kimea na maji moto, nikatia kilo moja ya sukari, nikajazia maji ya mfereji hadi lita 23. Chini ya kifuniko cha mkebe kulikuwa na pakiti ya hamira ya gramu 6, nikainyunyiza juu. Jioni hiyo haidromita ilisoma 1.040. Kesho yake povu lilipanda vizuri na kibomba kikawa kinatoa mapovu mfululizo mpaka jirani akauliza ni nini kinacheua. Siku ya nne kikanyamaza. Siku ya sita nilipima nikapata 1.022, siku ya tisa 1.020, na leo, siku ya kumi na tatu, bado ni 1.020. Nikiionja ni tamu, kama uji wa kimea uliopoa. Karatasi inasema ilitakiwa kushuka hadi 1.008 hivi ndani ya wiki moja.

Nimegundua pia kwamba tarehe iliyopigwa chini ya mkebe ilipita miezi minane iliyopita. Kibandiko cha kupima joto kilicho ubavuni mwa ndoo husoma digrii 15 asubuhi. Ndoo iko jikoni, sakafuni.

Jirani anasema nitie hamira ya mkate. Mwenzangu kazini anasema niongeze nusu kilo ya sukari ili hamira ipate nguvu. Binamu yangu anasema bia haina ubaya wowote, niitie kwenye chupa tu na itajimalizia huko. Nimeshaosha chupa 44 za glasi. Je, hamira imekufa? Nimsikilize nani?

Kijana wa Umoja

JIBU

Mwanangu, kabla ya yote: usiitie bia hiyo kwenye chupa. Hata moja ya kuonja.

Kutoka 1.020 ulipokwama hadi 1.008 unapotakiwa kufika, kuna zaidi ya nusu kilo ya sukari ambayo bado haijaliwa katika lita zako 23. Sasa linganisha. Mtu anapofunga bia yake huongeza sukari kidogo makusudi, gramu 150 hivi kwa ndoo nzima, ili hamira iliyobaki iile ndani ya chupa na bia ipate gesi. Wewe utakuwa umefungia humo karibu mara nne ya kiasi hicho, kabla hata hujaongeza hizo 150. Baridi ya Umoja ndiyo inayoizuia hamira kwa sasa. Ukizipakia chupa kwenye buti la gari, jua la mchana likaipiga barabara ya Murang'a, hamira itaamka safarini, na glasi haina pa kunyoosha mbavu.

Nimeliona hili nyumbani kwangu. Mwaka nilioanza kupika, nilifunga ndoo iliyokuwa imenyamaza, nikaiamini kwa sababu ilinyamaza. Usiku wa siku ya tisa chupa tatu zilipasuka ndani ya kabati, moja ikifuata nyingine. Asubuhi nilichomoa kwa koleo kipande cha glasi kilichokuwa kimejikita kwenye mbao za mlango wa kabati, urefu wa kidole changu cha shahada, mahali ambapo uso wa binti yangu hufika anaposimama. Alikuwa na miaka sita. Tangu siku hiyo sifungi chupa kwa kusikiliza kibomba, nafunga kwa kipimo.

Kwa hiyo nimefurahi kwamba umeniandikia namba. Barua nyingi ninazopata husema tu "mapovu yamekwisha", na mapovu si ushahidi wa kitu. Kifuniko kikilegea upande mmoja hewa hupitia hapo, kibomba kitanyamaza huku bia ikichemka vizuri. Na baridi ikipungua mchana, gesi iliyokuwa imeyeyuka ndani ya bia hutoka na kibomba kikacheua tena ilhali hakuna kinachoendelea. Wewe una vipimo viwili vya 1.020 vilivyoachana siku nne. Hiyo imekwama kweli.

Karibu kweli. Kuna jambo moja la kuhakikisha, nalo ni la dakika tano. Chukua maji safi ya nyuzi joto 20, uitumbukize haidromita yako humo. Inatakiwa isome 1.000. Nimekutana na zilizosoma 1.004 kwenye maji matupu kwa sababu karatasi ya ndani ilitelezea njiani. Kama yako ni hivyo, punguza 0.004 kwenye kila kipimo ulichochukua. Halafu unapopima bia, acha kwanza povu litulie, na uizungushe haidromita kwa vidole viwili kabla ya kusoma, maana vitone vya gesi hunata kwenye shingo yake vikaiinua. Soma pale uso wa bia ulipolala, usisome pale unapopanda kidogo kandokando ya glasi. Na bia uliyoipima usiirudishe ndooni. Kunywa, au mwaga.

Sasa tuje kwenye chanzo. Umekitaja mwenyewe bila kujua: digrii 15, sakafuni, Julai. Nairobi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hukaa juu yetu siku nyingi bila jua kupenya. Nyumba ya chini yenye sakafu ya saruji huwa baridi kuliko hewa ya nje mchana. Hamira zinazowekwa kwenye mikebe hii nyingi ni za kundi la ale, bia inayochacha kwenye joto la wastani, hata pale maandishi ya mkebe yanaposema lager, bia inayochacha kwenye baridi; hamira hizo za ale hupenda digrii 18 hadi 22. Siku za mwanzo zilijimudu kwa sababu hamira inapokula sukari hutoa joto lake yenyewe, na lita 23 zinazochemka hujipasha. Karamu ilipopungua siku ya nne, joto hilo likakatika, sakafu ikafyonza lililobaki, na hamira ikajikunja ikashuka chini. Ukimulika tochi ubavuni mwa ndoo utaiona: tabaka la rangi ya maziwa yaliyoganda limelala kitako. Hiyo haijafa. Imelala.

Mkebe uliopita tarehe nao umechangia. Hamira kavu ni kiumbe hai kilichokaushwa, na kila mwezi inaokaa kwenye joto la ghala na la buti la gari sehemu yake hufa. Pakiti yako ya gramu 6 huenda ilikuwa na nguvu ya nusu yake. Kimea chenyewe kinapozeeka hubadilika rangi na ladha, na hakishuki kwa wepesi wa kimea kipya. Usimlaumu binamu yako, lakini siku nyingine pindua mkebe usome tarehe kabla ya kuufungua.

Watu wetu walilijua hili bila kipimajoto. Muulize mzee yeyote wa Murang'a muratina ya babu yako iliwekwa wapi: kibuyu kilikaa karibu na moto, usiku kucha, na kulikuwa na mtu wa kukiangalia. Hamira yao ilikuwa imejificha ndani ya nyuzi za lile tunda la muratina lililokaushwa, likitumika leo na kuanikwa kwa ajili ya kesho. Nyanya yangu mimi alikuwa mpishi wa busaa, pombe ya nafaka. Akishachanganya kimea cha wimbi kwenye mtungi, aliufunika kwa gunia, akausogeza upande wa jiko uliotoka kupikiwa ugali, na kabla ya kulala aliinama akaweka sikio kwenye shingo ya mtungi. Ukiwa kimya, aliusogeza karibu zaidi na majivu ya moto. Sikumwona hata siku moja akiongeza kitu.

Fanya kama yeye. Inyanyue ndoo kutoka sakafuni leo, uiweke juu ya stuli ya mbao au maboksi mawili ya katoni, upande wa chumba usiogusa ukuta wa nje. Chini yake weka beseni pana lenye maji yaliyovunjwa baridi, digrii 25 hivi, yafike robo ya ndoo. Chukua chupa mbili za plastiki za lita moja na nusu, zijaze maji moto, uzitumbukize ndani ya beseni, kisha funga yote kwa blanketi nzito au shuka la Kimaasai. Badilisha maji ya zile chupa asubuhi na usiku. Angalia kibandiko chako: unataka 20 au 21, na uifikie polepole, kwa muda wa siku nzima. Ukipita 22 vua blanketi kwanza. Lita 23 huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza, kwa hiyo usihangaike kila saa.

Na nakusihi kama mama: usiwashe jiko la makaa ndani ya chumba chako ili kuipasha bia. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu wala rangi, na imeshaua watu wakiwa wamelala katika mji huu kwa sababu ya baridi hii hii.

Ndoo ikishafika digrii 20, ishike kwa mikono miwili kifuniko kikiwa kimefungwa, uizungushe taratibu kama unayesuuza sufuria, mpaka yale mashapo ya chini yainuke na bia iwe na ukungu. Usiitikise kwa nguvu wala usikoroge kwa kurusha. Hewa ilihitajika siku ile ya kwanza, kabla ya hamira kuanza kula. Kwa sasa itaiharibu bia tu, ukinywa utadhani umelamba katoni iliyolowa. Fanya hivyo mara moja jioni na mara moja asubuhi, halafu iache. Usifungue kifuniko kuchungulia. Pima baada ya siku tatu kamili.

Ikiwa imeshuka hata kidogo, tuseme 1.018, umeshinda. Iache kwenye joto lake na uwe na subira ya wiki nyingine.

Kuhusu washauri wako wawili waliobaki. Sukari usiongeze. Sukari ya mezani ni laini, hamira yoyote iliyo macho huila kwanza na kuiacha ile ya kimea iliyoishinda, na wewe utabaki na bia kali zaidi lakini bado tamu. Shida yako haikuwa njaa. Chakula kimejaa ndani ya ndoo.

Hamira ya mkate ya jirani sitaki iingie kwenye ndoo, ingawa ni ndugu wa damu wa hamira ya bia. Huleta ladha ya unga, na haikubali kutua chini, bia inabaki na matope mpaka mwisho. Lakini ina kazi moja nzuri na ifanye leo hii. Chota glasi moja ya bia yako, tia kijiko kidogo cha hamira ya mkate, funika kwa kitambaa safi, uweke mahali pa joto, juu ya friji upande wa nyuma panafaa. Kwa siku mbili itikise kila ukipita. Kisha acha itulie, uipime. Kama glasi ile imeshuka hadi 1.008 au 1.010, umejua ndoo nzima ina uwezo wa kufika huko na tatizo ni hamira yako. Kama imebaki karibu 1.018 licha ya joto na hamira tele, basi sukari inayolika imekwisha, kimea kilikuwa kizee, na bia imefika mwisho wake. Jibu hilo huwezi kulipata kwa kuonja. Glasi hiyo mwaga baadaye.

Ikiwa glasi imeshuka na ndoo haitaki kusogea hata baada ya siku tano za joto, hapo tutafute hamira mpya. Iwe ya bia, ya ale, kavu, pakiti ya gramu 11, na tarehe yake iwe ya mbele. Usikubali kuuziwa ya divai kwa maelezo kwamba ni kali zaidi. Nyingi za divai huzishindwa zile sukari ndefu za kimea, ambazo ndizo hasa zimebaki kwako. Na usiinyunyize kavu juu ya bia kama ulivyofanya mwanzo, kwa sababu sasa kuna pombe humo na hamira kavu ikitua moja kwa moja kwenye pombe na baridi, nyingi hufa kabla ya kuamka. Chemsha nusu lita ya maji na vijiko vinne vikubwa vya sukari au kimea, poza hadi digrii 30, nyunyiza hamira, iache robo saa, ikoroge kwa kijiko kilichochemshwa. Baada ya saa chache itaanza kutoa povu. Hapo ongeza kikombe kimoja cha bia yako, subiri povu lirudi, ongeza kingine. Unaizoesha mazingira mapya kidogo kidogo. Povu likiwa limepanda juu kabisa, mimina yote ndooni na ufunge.

Utafunga chupa siku ile tu ambapo vipimo viwili vilivyoachana siku tatu vimelingana, na vinalingana na kile ambacho glasi ya majaribio ilikuonyesha. Baada ya hapo bia hukaa wiki mbili kwenye chupa, mahali penye joto, ndipo ipate gesi ya kustahili kumpa mgeni.

Kwa hesabu hiyo, mwanangu, haitawahi ruracio. Najua uliwaahidi wazee, na najua uzito wa kuwarudia watu wazima na kusema sina. Piga simu uwaambie wiki hii, mapema, wasiikute habari hiyo siku ya shughuli. Afadhali aibu ya simu moja kuliko mjomba mwenye kidonda cha glasi mkononi.

Na kwa kuwa unaonekana una nia ya kuendelea, ujue kwamba Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inazungumzia leseni ya kutengeneza na ya kuuza. Pita kwenye ofisi ya leseni ya kaunti uulize kuhusu hali yako kabla ya kununua mkebe wa pili, na asije mtu akakushawishi kuuza hata chupa moja kwa majirani.

Wiki mbili zilizobaki kabla ya ruracio hazitoshi bia yako, lakini muratina zinaitosha na kubaki, maana yenyewe ni kazi ya siku chache. Katika simu hiyo hiyo, waulize wajomba kama yale matunda ya babu bado yameanikwa mahali, na ni nani atakayepika kwa ajili ya dada yako. Kisha panda gari siku nne mapema. Huko nako kuna baridi msimu huu. Omba uachiwe zamu ya usiku, ya kukisogeza kibuyu kwenye moto.

Mama Kimea